Mwongozo kamili wa kunukuu usemi wa mtoto, kutoka rekodi hadi ripoti

Katika shahada ya kwanza ya sayansi ya mawasiliano na matatizo ya mawasiliano, hakuna kazi inayorudishwa na alama nyekundu nyingi kama unukuzi wa kifonetiki, yaani kuandika usemi kwa alama za sauti kama ulivyotamkwa. Wanafunzi wanaofaulu anatomia ya koo na fizikia ya sauti hukwama hapa, tena kwa namna ileile: mtoto amesema kitu kimoja, wao wameandika kingine. Wameandika neno wanalolijua.

Mwongozo huu unashughulikia kazi hiyo moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mifano yote ni ya Kiswahili. Vitabu vingi vya fani hii hutumia mifano ya Kiingereza, mwanafunzi akaachiwa kazi ya kuihamisha peke yake, na makosa mengi huanzia hapo.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Jedwali la alama za IPA (Alfabeti ya Kimataifa ya Kifonetiki), toleo lililorekebishwa mwaka 2020. Lichapishe, usilitazame kwenye simu tu.
- Fonti inayobeba alama zote bila kuzivuruga. Charis SIL na Doulos SIL hupatikana bure.
- Kinasa sauti, au simu yenye programu inayohifadhi faili la WAV.
- Vipokea sauti vya kufunika masikio. Spika za kompyuta hupoteza sauti ndogo unazozitafuta.
- Programu ya kuchanganua sauti iitwayo Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Nayo ni ya bure.
- Picha au vitu halisi vya kumfanya mtoto ataje maneno.
- Idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi.
- Mwanafunzi mwenzako atakayenukuu sehemu ya rekodi hiyo bila kuona kazi yako.

Kitu kimoja kinasahaulika mara nyingi: taarifa za usikivu wa mtoto. Uchunguzi wa awali kwa watoto kwa kawaida hutumia milio ya desibeli 20 kwenye 1000, 2000 na 4000 Hz, sikio moja baada ya jingine. Kama mtoto hajapimwa, liseme hilo kwenye ripoti. Anayesikia [s] kwa shida hawezi kuitamka kwa urahisi, na mchanganuo wako wote utasomwa tofauti hilo likijulikana.

## Hatua ya 1: Zijue sauti kwa kinywa chako

Usianze kwa kukariri alama. Tamka kila konsonanti ya Kiswahili polepole, ukijiuliza maswali matatu: inatamkiwa wapi, hewa inazuiwaje, na nyuzi za sauti zinatetema au hazitetemi. Weka vidole kooni na utamke [s], kisha [z]. Mtetemo unaousikia kwenye [z] ndio ughuna.

Sababu ni hii. Mtoto atakapotoa sauti usiyoitarajia, hutakuwa na herufi ya kuifananisha nayo. Utakuwa na kinywa tu. Utaiga ulichosikia, utahisi ulimi wako uko wapi, kisha utatafuta alama ya mahali hapo.

Umefaulu hatua hii kama mtu anaweza kukuambia "kikwamizi ghuna cha kaakaa laini" (kikwamizi ni sauti ya hewa inayopita kwa msuguano) nawe ukatamka [ɣ] papo hapo bila kufikiria kwanza neno *ghali*.

## Hatua ya 2: Achana na tahajia

Tahajia ya Kiswahili ni nzuri mno, na uzuri wake ndio mtego. Herufi nyingi zinalingana na alama za IPA, kwa hiyo mwanafunzi anaamini kuwa zote zinalingana. Hizi hapa zinazoangusha watu:

- Herufi *y* ni [j] katika IPA: *yai* ni [jai]. Alama [y] ni irabu ya mbele ya midomo ya mviringo, ambayo Kiswahili hakina.
- Herufi *j* ni [ʄ] au [dʒ], kutegemea msemaji. Haiwi [j] kamwe.
- *ng'* na *ng* ni vitu viwili: *ng'ombe* huanza na [ŋ], *ngoma* huanza na [ᵑg].
- *ny* ni [ɲ], *sh* ni [ʃ], *ch* ni [tʃ], *th* ni [θ], *dh* ni [ð], *gh* ni [ɣ]. Herufi mbili, sauti moja.
- *b*, *d*, *g* kwa wasemaji wengi huvuta hewa kidogo kuingia ndani: [ɓ], [ɗ], [ɠ]. Zikitanguliwa na nazali (sauti ya puani kama *m* au *n*) ya mahali pamoja, mvuto huo hutoweka: *baba* ni [ɓaɓa], lakini *mbuzi* ni [ᵐbuzi].

Herufi *m* inastahili muda wako zaidi kuliko zote. Katika *mtoto* ni silabi kamili, [m̩tɔtɔ], silabi tatu. Katika *mbuzi* ni sehemu tu ya konsonanti inayofuata, silabi mbili. Hata neno lililoandikwa sawasawa linaweza kugawanyika: katika *mtu mbaya*, *m* ya *mbaya* ni silabi, katika *nyumba mbaya*, siyo. Ukitazama maandishi hutaona tofauti yoyote. Ukigonga meza kwa kila silabi, utaisikia.

Onyo: usitumie herufi kubwa mahali popote katika unukuzi, isipokuwa C na V utakazozikuta katika hatua ya 5. Jina la mtu au mwanzo wa sentensi, zote ni herufi ndogo. Katika IPA herufi kubwa iliyopunguzwa kama [ɪ] au [ʀ] ina maana yake.

Ishara ya kufaulu: chukua maneno ishirini yenye *m* au *n* mwanzoni, uyanukuu, kisha umpe mwenzako ayasome kwa kufuata alama tu. Akisoma kama Mswahili, umepita.

## Hatua ya 3: Andaa orodha ya maneno

Mtoto asipopata nafasi ya kutamka sauti fulani, huwezi kusema lolote kuihusu. Andaa orodha inayompa kila konsonanti mwanzoni mwa neno na katikati, angalau mara mbili au tatu kila mahali. Maneno hamsini au zaidi ni kiwango kizuri kwa kazi ya shahada ya kwanza. Yawe ya vitu ambavyo mtoto anavijua na vinavyochoreka.

Weka pia maneno marefu. Watoto wengi hutamka *paka* vizuri, wakavunjika kwenye *kiatu* au *mwanasesere*. Maneno ya silabi mbili pekee yatakuficha udhaifu huo.

Sehemu ya pili ya sampuli iwe mazungumzo. Mwache mtoto asimulie mchezo au aeleze picha. Kutaja neno mojamoja humfanya ajitahidi. Katika mazungumzo ndipo utasikia anavyosema siku zote.

## Hatua ya 4: Rekodi

Maikrofoni iwe sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya [p] na [f] isiigonge. Faili liwe WAV, kHz 44.1, biti 16. Zima feni, funga dirisha, ondoa vitu vya kugonga mezani.

Kwa nini ushike sana masharti haya? Nguvu kubwa ya [s] iko juu ya 4000 Hz, na kwa mtoto huwa juu zaidi kwa sababu kinywa chake ni kidogo. Simu ya kawaida hupitisha takribani 300 hadi 3400 Hz tu. Rekodi ya mazungumzo ya simu itakunyang'anya sauti ileile ambayo watoto wengi huikosea. Usiitume pia kama ujumbe wa sauti kabla ya kuinukuu, maana programu za ujumbe huibana sauti.

Mtoto akishataja picha, rudia neno kwa sauti ya kawaida: "Ee, samaki." Bila hivyo, ukisikiliza baadaye utakuta [tata] na hutajua ilikuwa *kaka*, *saka* au *taka*. Subiri sekunde moja kabla ya kurudia, ili sauti yako isifunike mwisho wa neno lake. Usirudie kwa namna ya kumsahihisha. Mtoto akihisi anasahihishwa ataanza kunong'ona au kunyamaza.

Ukiweza, piga na video. Midomo na ncha ya ulimi huonyesha mambo ambayo sikio halina uhakika nayo, kwa mfano [s] inayotolewa ulimi ukiwa kati ya meno.

## Hatua ya 5: Sikiliza kwa mizunguko

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ukiharakisha hapa, hatua zote zilizotangulia zimepotea bure.

Sikio halipokei sauti tu, linajaziliza. Mwaka 1970 Richard Warren alikata sauti ya [s] kutoka kwenye neno moja katika rekodi ya sentensi, akaweka kikohozi mahali pake. Wasikilizaji walisikia neno zima, [s] ikiwemo, wala hawakuweza kuonyesha kikohozi kilikuwa mahali gani hasa. Ubongo uliijua lugha, ukaziba pengo. Ubongo wako utafanya vivyo hivyo mtoto akisema [tamati] na wewe unatazama picha ya samaki.

Kwa hiyo panga kazi ili ubongo usipate nafasi ya kujaziliza. Kwanza, kata kila neno liwe kipande chake, na uondoe sauti yako inayorudia neno. Pili, ficha orodha ya maneno lengwa, yaani maneno ambayo mtoto alikusudia kuyasema. Tatu, yapange maneno bila kufuata mpangilio wa picha. Kisha pita mizunguko hii, kila mmoja kwa maneno yote kabla ya kwenda unaofuata.

Mzunguko wa silabi. Gonga meza, hesabu silabi, weka alama ya mkazo [ˈ]. Katika Kiswahili mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto akisema *kiatu* kama [ˈatu], silabi iliyopotea ni ile isiyo na mkazo mwanzoni. Kuliona hilo mapema kutakuokoa usije ukaihesabu kama kosa la [k].

Mzunguko wa irabu. Kiswahili kina irabu tano, na watoto wengi huziweza mapema. Pita haraka, lakini usiruke. Irabu zilizovurugika kwa mtoto mkubwa kidogo ni dalili nzito ambayo msimamizi wako atataka kuijua. *e* na *o* waweza kuziandika [ɛ] na [ɔ]. Ukichagua hivyo, endelea hivyo hadi mwisho.

Mzunguko wa konsonanti. Kwa kila konsonanti jibu maswali matatu ya hatua ya 1 kabla ya kuandika alama. Usiandike [t] kwa sababu inafanana na [t]. Andika [t] kwa sababu umesikia kipasuo (hewa imezibwa kabisa kisha ikaachiwa), cha ufizi, kisicho ghuna.

Mzunguko wa vialama. Sasa ongeza maelezo madogo: upulizaji [ʰ], unazali [ã], ughuna uliopotea [z̥], ulimi uliosogea kwenye meno [s̪]. Hewa ikitoka puani wakati wa [s], au ikipita kando za ulimi, tumia alama za nyongeza za usemi wenye matatizo, zinazojulikana kama extIPA. Unukuzi mpana, usio na vialama hivi, unatosha kwa maneno mengi. Unukuzi finyu, wenye vialama, uutunzie sauti zenye shida.

Usisikilize kipande kimoja bila kikomo. Neno likirudiwa mfululizo, sikio huanza kulibadilisha na utasikia vitu ambavyo havipo. Mara tatu hadi tano zinatosha. Kisha andika, pita, urudi kesho. Sauti usiyoweza kuitambua, iandike C kama ni konsonanti na V kama ni irabu, uizungushie duara. Hilo ni jibu halali, na lina thamani kuliko kukisia.

Video itazame mwishoni kabisa. Harry McGurk na John MacDonald walionyesha mwaka 1976 kwamba midomo inayoonekana inaweza kubadili kile sikio linachosikia. Ukianza na picha, macho yatanukuu badala ya masikio.

Jambo la mabano: [ ] ni ya sauti iliyotamkwa, / / ni ya fonimu, yaani mfumo wa lugha. Alichosema mtoto kiingie kwenye [ ] daima. Ukikiweka kwenye / / umedai kwamba unaujua mfumo ulio kichwani mwake, na bado hujaufikia huko.

Umefaulu ukiweza kumsomea mwenzako unukuzi wako naye akasikia mtoto yule, akiwa na mapengo na mabadiliko yake, bila kujua neno lengwa.

## Hatua ya 6: Tumia spektrogramu kwa maneno yenye utata tu

Fungua kipande kwenye Praat. Kabla ya lolote, badilisha upeo wa spektrogramu, yaani picha inayoonyesha nguvu ya sauti katika kila masafa. Programu huanza na 5000 Hz, na [s] ya mtoto itakatwa juu. Weka 10000 Hz.

Kipasuo huonekana kama pengo jeupe linalofuatwa na mstari mwembamba wa mlipuko. Kikwamizi ni wingu la kelele. Ughuna ni utepe mweusi chini kabisa, unaoendelea hata wakati wa pengo. Upulizaji ni kelele hafifu kati ya mlipuko na mwanzo wa irabu. Upime kwa milisekunde.

Kuna jambo zuri ambalo sikio peke yake haliwezi kukuonyesha. Mtoto anaweza kuonekana anasema [t] badala ya /k/ na badala ya /t/ vilevile, kumbe [t] zake mbili zinatofautiana kidogo kwenye mlipuko. Amekwisha kuijua tofauti, ila bado hajaifikisha mahali ambapo mtu mzima anaisikia. Ukilikuta hilo, liandike kwenye ripoti kwa herufi nzito. Mtoto wa aina hiyo na mtoto asiye na tofauti yoyote hawaanzi matibabu mahali pamoja.

Usipitishe rekodi nzima kwenye spektrogramu. Utachoka, na utaanza kuamini picha mahali ambapo ulipaswa kusikiliza.

## Hatua ya 7: Pima makubaliano

Mpe mwenzako asilimia 10 hadi 20 ya maneno, yaliyochaguliwa bila upendeleo. Anukuu peke yake. Kisha linganisheni konsonanti kwa konsonanti: idadi mliyokubaliana, gawanya kwa jumla, zidisha kwa 100.

Kwa unukuzi mpana mimi huridhika kuanzia asilimia 85. Unukuzi finyu huwa chini, na hilo si aibu. Ikiwa mko chini sana, msikae kubishana kila neno. Tafuteni sauti inayowatenganisha. Mara nyingi ni moja au mbili, kwa kawaida ughuna au [s] na [ʃ]. Sikilizeni hizo pamoja, wekeni kanuni, kisha kila mmoja anukuu upya peke yake.

Onyo: ukibadilisha unukuzi wako baada ya kuona wa mwenzako kisha ukapiga hesabu, namba hiyo haina maana.

## Hatua ya 8: Chambua

Sasa leta orodha ya maneno lengwa, uiweke kando ya unukuzi. Huu ni mfano wa kubuni wenye maneno kumi, kwa unukuzi mpana:

- kuku /kuku/, mtoto amesema [tutu]
- samaki /samaki/, [tamati]
- ndege /ⁿdege/, [dede]
- meza /meza/, [meda]
- mtoto /m̩toto/, [toto]
- gari /gari/, [dali]
- nyumba /ɲuᵐba/, [ɲuᵐba]
- paka /paka/, [pata]
- sita /sita/, [tita]
- baba /baba/, [baba]

Tafuta mtindo kwanza. Kuna makosa 12. Ukiyasoma mojamoja, mtoto anaonekana hana mpangilio. Ukiyakusanya, sita ni jambo lilelile: sauti ya kaakaa laini imesogezwa mbele kwenye ufizi, /k/ ikawa [t] na /g/ ikawa [d]. Limetokea katika nafasi zote sita. Matatu ni kikwamizi kuwa kipasuo: /s/ kuwa [t], /z/ kuwa [d]. Moja ni kupotea kwa nazali katika *ndege*, moja ni kufutwa kwa silabi [m̩] katika *mtoto*, na moja ni /r/ kuwa [l]. Mitindo kama hii ya kubadili sauti huitwa michakato, na michakato miwili inaeleza makosa tisa kati ya kumi na mawili. Hapo umepata mtoto mwenye mfumo, na msimamizi ana pa kuanzia.

Andika kila mchakato pamoja na nafasi zake: "6 kati ya 6", "1 kati ya 2". Nazali ya *ndege* imepotea lakini ya *nyumba* imebaki, kwa hiyo usiandike tu kwamba mtoto "hufuta nazali". Sema imepotea mwanzoni mwa neno na imebaki katikati, kisha utafute maneno zaidi ya kuthibitisha.

Ondoa kwenye orodha yako michakato isiyoihusu lugha hii. Vitabu huweka kufuta konsonanti ya mwisho wa neno karibu na mwanzo wa orodha ya michakato. Maneno ya asili ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo safu hiyo itabaki tupu na haionyeshi chochote kuhusu mtoto. Upande wa pili, nazali zilizoungana na vipasuo na nazali za silabi hazimo kwenye orodha hizo, nazo kwa Kiswahili zina uzito mkubwa. Ziongeze mwenyewe.

Kisha piga asilimia ya konsonanti sahihi. Kipimo hiki kilitolewa na Lawrence Shriberg na Joan Kwiatkowski mwaka 1982. Konsonanti sahihi, gawanya kwa konsonanti zote lengwa, zidisha kwa 100. Iliyofutwa ni kosa. Iliyopotoshwa pia ni kosa. Hapa kuna konsonanti lengwa 22, sahihi 10: asilimia 45.

Katika mgawanyo wao wa asili, zaidi ya 85 ni tatizo dogo, 65 hadi 85 ni dogo hadi la kati, 50 hadi 65 ni la kati hadi kubwa, chini ya 50 ni kubwa. Mtoto wetu ameangukia kundi la mwisho. Lakini hebu angalia vizuri.

Kama nyumbani kwao watu wazima husema [gali] kwa *gari*, basi [l] ya mtoto ni sahihi. Alama inakuwa 11 kati ya 22, asilimia 50, na kundi limebadilika kwa sababu ya konsonanti moja. Tena, mimi nimehesabu /ⁿd/ na /ᵐb/ kama konsonanti moja moja. Ukizihesabu mbili mbili, zinakuwa 12 kati ya 24, asilimia 50 vilevile. Ndiyo maana kanuni za kuhesabu huandikwa kabla ya kuhesabu, na ndiyo maana maneno kumi hayatoshi kumpa mtoto jina la tatizo.

Makundi hayo yalipangwa kwa mazungumzo ya watoto wanaosema Kiingereza. Itoe asilimia, ieleze, itumie kulinganisha mtoto na yeye mwenyewe baada ya miezi kadhaa. Usiyanakili majina ya makundi juu ya mtoto anayesema Kiswahili kana kwamba ni hukumu.

## Hatua ya 9: Tenganisha tofauti na tatizo

Hatua hii ni fupi, lakini naomba uisome mara mbili, maana makosa yake humwangukia mtoto.

Wasemaji wengi wa Kiswahili wana lugha nyingine ya kwanza. Wapo wasiotofautisha /r/ na /l/. Wapo wanaosema [z] mahali pa /ð/, [s] mahali pa /θ/, [g] mahali pa /ɣ/. Wapo wanaotofautisha *paa* la nyumba na *paa* mnyama kwa upulizaji, [paa] na [pʰaa], na wengi wasiotofautisha. Wapo wanaotamka [b] na [d] bila kuvuta hewa ndani. Hakuna hata mmoja kati ya hawa mwenye tatizo la usemi.

Kwa hiyo mrekodi mzazi au mlezi pia. Mwombe ataje picha zilezile, dakika chache zinatosha. Neno lengwa la mtoto ni lile linalosemwa na watu waliomlea, si lile la kamusi. Chora safu ya tatu kwenye jedwali lako: mtoto, mlezi, Kiswahili sanifu. Kosa linahesabiwa pale mtoto anapotofautiana na mlezi.

Kama mtoto ana lugha nyingine nyumbani, uliza anavyosema katika lugha hiyo. Tatizo la kweli la usemi kwa kawaida hujitokeza katika lugha zote mbili, hata kama sauti zinazoathirika si zilezile.

## Hatua ya 10: Andika ripoti

Weka mambo kwa mpangilio huu: umri wa mtoto kwa miaka na miezi, lugha za nyumbani, hali ya usikivu, namna rekodi ilivyofanyika, kanuni zako za kuhesabu, makubaliano na mwenzako, michakato na nafasi zake, asilimia, kisha unachoshauri kichunguzwe zaidi.

Eleza ulichosikia. Usitoe utambuzi wa tatizo. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hana mamlaka hayo, na ripoti inayosema "mtoto ana tatizo la kifonolojia" itarudishwa hata kama unukuzi wake ni safi. Andika: "Katika sampuli hii, /k/ na /g/ zimetamkwa kwenye ufizi katika nafasi zote sita."

Tumia namba ya siri badala ya jina la mtoto, kwenye ripoti na kwenye jina la faili pia. Faili linaloitwa kwa jina la mtoto likibaki kwenye kompyuta ya maktaba, idhini uliyopewa na mzazi umeivunja. Angalia ndani ya rekodi yenyewe vilevile: watoto hupenda kutaja majina yao na ya ndugu zao katikati ya mazungumzo. Sehemu hizo zikate kabla ya kumpa mwenzako faili, na rekodi zote zifutwe tarehe uliyoiandika kwenye fomu ya idhini.